Sarafu za Wakelti: Waliohukumu Sura Wakaiacha Mizani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.t.), aliyewateremshia Mitume Kitabu na mizani ili watu wasimamie uadilifu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Masahaba zake. Ama baad.

Katika mihadhara ya siku hizi husikika kauli mbili juu ya dirhamu za mwanzo za Kiislamu. Ya kwanza inatoka kwa wanaosoma vitabu vya Mustashrikina bila ya mwalimu, nayo inasema kwamba Waislamu walichukua sarafu ya Kifursi kama ilivyo, na sura ya mfalme wake na moto wake, na kwamba hiyo ni dalili ya umma usio na chake. Ya pili inatoka kwa wanaotaka kuijibu hiyo kwa hamasa, wakakanusha kabisa kwamba mikono ya Masahaba iliwahi kushika sarafu yenye sura. Kauli zote mbili ni batili, na zote mbili zinatokana na kutojua kuiga ni nini katika bab ya sarafu. Basi tumeona tuwapeleke wasomaji wetu mbali kidogo, kwa watu wasiohusiana nasi kwa dini wala kwa nasaba, kwani mtu huona vizuri zaidi jambo lisilomgusa. Watu hao ni Wakelti, na sarafu zao za fedha walizoziiga kutoka kwa Wayunani.

Philip wa pili wa Makedonia alitawala kuanzia mwaka 359 hadi 336 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Katika sarafu zake za fedha iliyo mashuhuri ni ile ya drakma nne, yenye uzito wa gramu 14 na kitu. Upande mmoja kuna kichwa cha Zeus, mungu wao wa kishirikina, amevikwa taji la majani. Upande wa pili kuna mpanda farasi, na jina la Philip limeandikwa kwa Kiyunani. Fedha hiyo ilikuwa safi na uzito wake ukiaminika, kwa hiyo ilivuka mipaka ya utawala wake na ikaendelea kupigwa kwa jina lake miaka mingi baada ya yeye kuuawa. Mwanawe Alexander alipiga sarafu nyingine nzito zaidi, ya gramu 17 hivi, yenye kichwa cha Heracles aliyejifunika ngozi ya simba, na nyuma yake Zeus ameketi kwenye kiti. (Na huyu Alexander asichanganywe na Dhulqarnayn aliyetajwa katika Suratul Kahf. Ibn Kathir amewakosoa waliowafanya kuwa mtu mmoja, na bado kosa hilo linarudiwa mimbarini.)

Wakelti walikuwa makabila ya Ulaya ya kati yaliyosambaa mpaka bonde la mto Danube. Vijana wao walikodiwa kama askari katika majeshi ya wafalme wa Kiyunani, na wakati mwingine walikuja wao wenyewe kwa vita. Mwaka 279 K.K. walimuua mfalme wa Makedonia, Ptolemy Keraunos, wakateremka hadi Delphi, na wengine wakavuka kuingia Asia Ndogo, wakajulikana huko kwa jina la Wagalatia. Mishahara, ngawira na fedha za kununulia amani ziliwaingizia sarafu za Philip na Alexander kwa wingi. Zilipokuwa hazitoshi, wakaanza kupiga zao kwa mfano uleule.

Nakala za mwanzo ziko karibu sana na asili, hata asiye mzoefu hawezi kuzitofautisha. Kisha mhunzi akanakili nakala, na mwanafunzi wake akanakili nakala ya nakala. Majani ya taji la Zeus yakawa safu za vijiti. Ndevu zikawa mistari na jicho likatokeza kama tone. Farasi akageuka mistari yenye vidonge kwenye viungo vyake, na mpanda farasi akapungua, hata katika baadhi ya sarafu amebaki kiwiliwili kisicho na miguu, kinaelea juu ya mgongo wa mnyama. Pembezoni yakaingia mambo ambayo Wayunani hawakuyaweka, kama vile gurudumu, duara na alama za kikabila.

Hizi ndizo sarafu ambazo watu wa Ulaya wamezitolea hukumu mbili, na sisi tuna neno juu ya hukumu zote mbili.

Hukumu ya kwanza ni ya karne ya kumi na tisa. Mwingereza John Evans alichapisha mwaka 1864 kitabu chake The Coins of the Ancient Britons, akaonyesha jinsi sarafu za Waingereza wa kale, nyingi zikiwa za dhahabu, zinavyorudi hatua kwa hatua mpaka kwenye sarafu ya dhahabu ya Philip. Kazi ile ni ya kielimu na mpangilio wake ni madhubuti, na haki ya mwenye haki haidhulumiwi. Lakini waliokuja nyuma yake waliichukua silsila ile wakaifanya ngazi ya kuteremka. Mwaka 1875 Pitt Rivers aliitumia katika hotuba yake juu ya maendeleo ya ustaarabu, iwe mfano wa umbo linavyoharibika likipita mkono hadi mkono. Tangu hapo likazoeleka neno kwamba sarafu hizi ni za kishenzi: Myunani alikuwa na akili na mkono, Mkelti alikuwa na macho tu.

Hukumu ya pili ni ya karne ya ishirini, nayo inapindua ile ya kwanza. Georges Bataille mwaka 1929, katika jarida la Documents, alimsifu farasi wa Wagali (Wakelti wa Ufaransa) kwa sababu amekataa utulivu wa farasi wa Kiyunani. Kisha André Malraux katika Les Voix du silence, mwaka 1951, akasema kwamba hapa hakuna kuharibika, bali kuna sanaa nyingine yenye matakwa yake. Tangu hapo sarafu ya Kikelti ikawa kitu cha kusifiwa katika majumba ya makumbusho.

Tunasema kwamba Malraux yuko karibu zaidi na ukweli kuliko waliomtangulia. Mkono unaochora kiungo cha farasi kwa vidonge vilevile katika mamia ya sarafu si mkono ulioshindwa. Kushindwa hakuna mpango, na hapa mpango uko wazi. Hata hivyo, hukumu zote mbili zina kasoro moja. Zimeitazama sarafu kama picha. Malraux mwenyewe ameeleza jinsi picha ya kamera iliyokuzwa inavyokifanya kitu kidogo kisimame sawa na sanamu kubwa, na ni kweli, lakini picha iliyokuzwa haina uzito. Huwezi kuiweka kwenye mizani, wala kuikata ujue ndani yake mna nini. Na sarafu, kabla ya kuwa chochote kingine, ni kiasi cha fedha kilichothibitishwa.

Hapa ndipo elimu ya fiqhi ina la kusema. Mafaqihi wetu walipozungumzia dirhamu hawakuanza na sura. Hadithi ya 'Ubada bin Samit (r.a.) katika Sahih Muslim, iliyo asli ya bab ya riba, imetaja dhahabu na fedha kama jinsi, na ikashurutisha usawa wa kipimo, bila ya kuuliza ni muhuri wa nani uliopigwa juu yake. Kwa hiyo mtu akitubadilishia sarafu ya Philip mwenyewe kwa nakala ya Kikelti, swali la kwanza ni mizani ya pande mbili, na la pili ni kukabidhiana papo hapo. Uzuri wa pua ya Zeus hauongezi chochote.

Tukizipima kwa mizani hiyo, habari ya sarafu hizi inabadilika kabisa. Nakala za mwanzo za bonde la Danube nyingi ni fedha nzuri, na uzito wake uko karibu na ule wa asili. Baadaye uzito ukapungua, zikaonekana sarafu zisizofika hata gramu 10, na shaba ikaongezeka ndani yake. Katika Danube ya chini, upande wa Romania ya leo, zilipigwa sarafu zilizopinda kama kisahani ambazo fedha yake ni haba. Upande wa magharibi mfano mkubwa ni hazina iliyofukuliwa mwaka 2012 katika kisiwa cha Jersey, yenye sarafu karibu 70,000, nyingi kabisa zikiwa za kabila la Coriosolitae. Asili ya sura yake ni ile sarafu ya dhahabu ya Philip, yenye kichwa cha Apollo na gari la farasi, lakini dhahabu imekwisha zamani na kilichobaki ni fedha iliyochanganywa na shaba. Kichwa kilichomo ni kizuri ajabu, nywele zimesokotwa kama mawimbi, na ukikitazama kwa jicho la Malraux ni kilele cha sanaa. Ukikitazama kwa jicho la sarrafu, ni mali ya watu waliokuwa katika dhiki ya vita vya Julius Caesar.

Basi kuharibika kweli kulikuwepo, lakini si pale walipokuonyesha wale wa karne ya kumi na tisa. Hakukuwa kwenye farasi. Kulikuwa kwenye madini, na mwenye dhamana ya madini ni aliyeamrisha kupigwa, si mhunzi.

Tuchukue mfano wa hesabu kwa faida ya wanafunzi. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, nazo ni kiasi cha gramu 595. Mwenye sarafu safi za gramu 14 atafikia nisabu akiwa nazo 43. Mwenye sarafu za gramu 10, na nusu yake ni shaba, kwa madhehebu yetu ya Shafi hana zaka mpaka afikishe 119, kwa sababu inayohesabiwa ni fedha halisi iliyomo. Mahanafi wao hutazama kilicho kingi: fedha ikishinda, zote zina hukumu ya fedha, na shaba ikishinda ni kama bidhaa. Ndugu msomaji, sarafu hizo mbili picha zake zinaweza kufanana kabisa. Waliozihukumu kwa picha wasingeona tofauti yoyote kati ya mtu wa sarafu 43 na mtu wa sarafu 119.

Inabaki kuuliza je, kuiga huku ni ghushi? Wapo wanaoziita sarafu hizi za bandia, na neno hilo halifai kutumiwa ovyo. Ghushi ni kuficha. Aliyepiga sarafu ya fedha safi, ya uzito unaojulikana, kwa sura ya mfalme aliyekufa zamani, katika nchi ambayo mfalme huyo hakuwahi kuitawala, hakumficha mtu kitu. Waliopokea walijua. Babu zetu wa Unguja na Mrima katika karne ya kumi na tisa walifanya biashara kwa reale ya Maria Theresa, yenye sura ya malkia wa Austria na mwaka 1780 ambao ndio mwaka wa kufa kwake, na iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo muda mrefu baadaye. Hatukusikia mtu akisema kadanganywa kwa kuwa malkia hayupo. Watu waliizoea sura, na sura ikawa dalili ya uzito.

Ama zile zilizo shaba ndani na fedha juu, nazo zimo kati ya sarafu za Wakelti kama zilivyomo za mataifa mengine, hizo ni habari nyingine. Mahanafi wamezipanga dirhamu mbovu kwa daraja: zuyuf, zinazokataliwa na Baitul Mal lakini zinapita sokoni, nabahraja, ambazo hata wafanyabiashara wanazirudisha, na sattuqa, ambayo asili ya jina lake ni Kiajemi, maana yake tabaka tatu, yaani shaba katikati ya ngozi mbili za fedha. Hii ya mwisho wameitoa kabisa katika jinsi ya dirhamu. Sarafu nyingi za Wakelti wa mashariki zina makovu ya patasi, mtu alizikata usoni ili aone ndani. Mkato ule umepita katikati ya uso wa Zeus, na wapenzi wa sanaa wanausikitikia. Sisi tunauona kuwa ndio ushahidi bora kwamba soko lile lilikuwa na watu wenye akili. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud katazo la kuvunja sarafu ya Waislamu inayopita baina yao ila kwa sababu. Isnadi yake ina udhaifu, lakini maana yake wanachuoni wameizingatia, na kuhofia sattuqa ni katika sababu.

Na Imam Nawawi ametaja kwamba ni karaha kwa imamu kupiga dirhamu zilizochanganywa, na ni karaha kwa asiyekuwa imamu kupiga dirhamu hata zikiwa safi, kwani hiyo ni kazi ya mwenye mamlaka. Kwa kipimo hiki lawama ya machifu wa mwisho wa Kikelti ni nzito kuliko lawama ya wa mwanzo, ingawa wa mwisho ndio waliosifiwa kwa sanaa.

Tumewatetea Wakelti katika sura na katika fedha. Katika maandishi hatuwatetei.

Jina la Philip lilikuwa na herufi nane za Kiyunani. Katika nakala za mwanzo zinasomeka. Kisha baadhi yake zinageuka, nyingine zinarudiwa, halafu zinakuwa vijiti, na mwisho zinapotea. Ushahidi ulio wazi zaidi ni sarafu za kisiwa cha Thasos za karne ya pili K.K., zenye Dionysos upande mmoja na Heracles amesimama upande wa pili, na maandishi marefu yanayomwita Heracles mwokozi wa watu wa Thasos. Makabila ya Thrakia na Danube ya chini yalizinakili kwa wingi, na katika nakala za mwisho maandishi yote yamekuwa safu za nukta. Mhunzi alijua kwamba mahali pale pana kitu, na kwamba kitu kile kina heshima, lakini hakujua ni maneno. Mchoraji akibadilisha umbo la farasi, farasi hubaki kuwa farasi mwingine. Mwandishi akibadilisha umbo la herufi asiyoijua, hapabaki neno. Malraux na wenzake hapa hawana hoja, na ndiyo maana walizungumza zaidi juu ya vichwa na farasi, wakayapita maandishi.

Ajabu ni kwamba Wayunani hao hao waliigwa pia na Waarabu wa kale. Watu wa Yemen, Wasaba na Waqataban, waliiga sarafu ya Athens yenye bundi, na mapema sana wakatia humo herufi zao za Musnad. Mashariki ya Bara Arabu, na nyingi zimepatikana Mleiha katika Sharjah, zilipigwa sarafu kwa mfano wa Alexander, lakini jina lililoandikwa ni Abi'el. Nao walikuwa washirikina kama Wakelti, hatuwasifu kwa itikadi. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na kalamu. Hata neno dirhamu lenyewe limepita njia hiyo: ni drakma ya Kiyunani, likapita kwa Wafursi, likafika kwa Waarabu, na Al-Jawaliqi amelitaja katika maneno yaliyoarabishwa. Nalo limo katika Suratu Yusuf, aya ya 20.

Kwa insafu tuseme kwamba Wakelti nao walifika. Katika karne ya kwanza K.K., kabila la Boii waliokaa mahali ulipo mji wa Bratislava walipiga sarafu za fedha za gramu 17 hivi, zenye maandishi ya Kilatini yanayosomeka wazi: BIATEC, na nyingine NONNOS. Ni majina yao wenyewe. Miaka zaidi ya mia mbili ya kunakili jina la mtu mwingine, ndipo wakaandika la kwao. Slovakia iliiweka sarafu ya Biatec kwenye koruna 5 yake kuanzia mwaka 1993, mpaka ilipoingia katika euro mwaka 2009.

Sasa turudi kwenye dirhamu zetu. Waislamu walipofungua nchi za Wafursi waliikuta dirhamu ya Kisasani yenye sura ya mfalme, na nyuma yake madhabahu ya moto na walinzi wawili. Waliendelea kuipiga hivyo, na tangu mwaka 31 Hijria zinaonekana zilizoandikwa Bismillah pembeni kwa Kiarabu. Hili halina shaka, sarafu zenyewe zipo kwa maelfu, na anayelikanusha anajidhalilisha mbele ya wanaojua. Al-Maqrizi katika Shudhur al-'Uqud ameeleza kwamba dirhamu zenye sura zilifika Madina kukiwa na Masahaba waliobaki, wakachukia nakshi yake tu kwa kuwa ina sura, na kwamba Said bin al-Musayyib alikuwa akiuza na kununua kwazo. Kisha Abdul-Malik bin Marwan, mwaka 77 Hijria (696-697), akapiga dinari isiyo na sura yoyote, maneno matupu, na dirhamu zikafuata. Kuanzia Bismillah ya pembeni mpaka tauhidi kujaza uso mzima ni miaka 46. Na hata hapo palikuwa na waliolalamika, maana dirhamu za al-Hajjaj zenye maneno ya Qur'ani ziliitwa makruha, kwa kuwa mwenye janaba na mwenye hedhi watazishika.

Anayesema hiyo ni dalili ya umma usio na chake na aeleze ni kwa nini mfalme Offa wa Uingereza, aliyekufa mwaka 796, alipiga dinari ya dhahabu kwa mfano wa dinari ya Khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria, na shahada yake imo kwa herufi za Kiarabu zenye makosa, na jina lake OFFA REX limekaa kichwa chini miguu juu. Sarafu hiyo iko British Museum. Mhunzi wa Offa hakujua alichoandika, sawasawa na mhunzi wa nakala za Thasos.

Na suala hili lina athari katika hukumu. Katika bab ya rikaz, Minhaj ya Nawawi inatofautisha dafina ya kijahilia na ya Kiislamu. Ya kijahilia hutolewa khumsi, na alama yake ni kama majina au sura za wafalme wao. Ya Kiislamu, ikiwa mwenyewe hajulikani, ni luqata, na vivyo hivyo isiyojulikana ni ya upande gani. Mtu akifukua mtungi wa sarafu za Philip au za Wakelti, jambo ni jepesi. Lakini akifukua dirhamu zenye sura ya Khusrau, akatazama katikati tu, atatoa khumsi na kuila iliyobaki. Akisoma pembeni akakuta Bismillah, basi kwa tunavyoona sisi hiyo ni alama ya Kiislamu na sura haiiondoi hukumu yake, kwa hiyo ni luqata: ataitangaza mwaka mzima, asiitumie kabla ya hapo. Wallahu A'lam.